Oili Nimemwaga Mimi, Lawama Kabeba Fundi

Mpendwa Bi Rukaya, shikamoo. Naomba msaada wako maana chakula hakipiti. Mume wangu Kibwana ana gari dogo, na kila nikimwomba anifundishe kulihudumia anacheka, "Wewe Sabiha, utaweza wapi?" basi alipokwenda mazikoni Lugoba kwa basi nikasema huyu nitamwonyesha, nikaangalia video kwenye simu mara tano, nikanunua oili na filta, nikapiga jeki, nikaingia chini, nikamwaga oili chafu kwenye beseni, nikatoa filta ya zamani, nikafunga mpya, nikajaza oili, gari likawaka, nikapiga kigelegele peke yangu.

Aliporudi sikuwahi hata kumwambia, alfajiri akaondoka nalo kwenda Msata. Kufika Kiwangwa taa nyekundu ya oili ikawaka, akasimama papo hapo, kuchungulia chini, oili inachuruzika. Likarudi limevutwa kwa kamba. Kwa kuwa wiki moja kabla ya hapo fundi wetu Salumu alitubadilishia breki, Kibwana akamfuata gereji akamfokea mbele ya wateja, "Umeniharibia gari!" Salumu akaapa, "Wallahi kaka, oili sikuigusa." Hakusikilizwa. Sasa hawasalimiani, na wateja wameanza kumkimbia. Mimi nikafungua filta kimyakimya, nikakuta raba ya filta ya zamani ilibaki imenata kwenye injini, nami nikafunga mpya juu yake. Nikisema, nitachekwa mpaka uzeeni. Nifanyeje?

Sabiha, Bagamoyo

Marahaba, Sabiha mwanangu. Nimecheka, kisha nikanuna. Uliingia chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu? Ingeteleza, leo angeniandikia Kibwana, mgane. Siku nyingine weka stendi za chuma.

Kosa la raba huwapata hata mafundi, halina aibu. Aibu ni kunyamaza wakati mtu anatukanwa kwa kosa lako. Wewe unaogopa kuchekwa, mwenzio anapoteza riziki!

Leo hii mkalishe mumeo, mwambie yote, usimung'unye maneno. Akicheka, cheka naye. Akikasirika, mwache apoe, kisha mwende wote gereji. Aombe radhi mbele ya wateja, kwa sauti ileile aliyofokea, nawe useme lako.

Gari lisiwashwe mpaka Salumu alikague. Mwombe akufundishe: raba ya zamani inatolewa, panafutwa, raba mpya inapakwa oili, filta inakazwa kwa mkono, oili inajazwa, kisha mnachungulia chini injini ikiwa inaunguruma. Oili chafu mpelekee yeye, usiimwage uani.

Na huduma ijayo ifanye wewe, Kibwana akushikie tochi.

Bi Rukaya