Makofi Mawili Ubavuni mwa Basi

Nyuma ya Msikiti,
S.L.P. 1147,
Machakos.
Jumapili, 21 Novemba 2004

Mpendwa dada yangu Nuha,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Malindi, wewe na shemeji Mudi, na kwamba lile goti lako limepunguza ukorofi. Sisi huku miili haijambo. Mvua imenyesha vizuri mwaka huu, mbaazi za uani zimefika kiunoni, na Idi tuliswali vyema ingawa tope lilikuwa jingi.

Naona nazunguka. Wewe unanijua, nikianza kusifu mbaazi ujue kuna jambo.

Barua hii nimempa Abdulghani akukabidhi mkononi, maana anasafiri leo kwa basi la jioni. Sikupiga simu kwa sababu mara ya mwisho ulikata pale tu nilipotaja jina la Ramzi. Tena najijua, ningeanza kulia, nawe ungeanza kunibembeleza, na mimi sistahili kubembelezwa. Ni habari ya mwanao na yule mtoto aliyegongwa. Uliyoambiwa si yote. Yaliyobaki ninayo mimi.

Tangu sheria mpya za barabarani zilipoanza kukazwa mwezi wa pili, shule yetu imefunga mikanda katika kila kiti cha basi na spidi gavana ya kuzuia mwendo kasi kwenye injini. Ramzi, kama dereva, alipeleka alama za vidole hadi akapata cheti cha tabia njema, na siku ya kwanza ya kuvaa beji alipiga shati pasi mara mbili. Mwalimu mkuu, Bwana Musembi, naye akabandika kanuni za shule juu ya kioo cha mbele. Inayonihusu mimi msimamizi wa watoto ni hii: mtoto anayevuka barabara nimshike mkono hadi ng'ambo, nirudi, nipande, nifunge mlango, ndipo nigonge bodi, ule ubavu wa basi, mara mbili kwa ndani. Dereva asitie gia kabla ya hapo.

Lakini mimi nimekuwa kwenye basi lile miaka tisa, dada. Sisi wa zamani tulikuwa tunapiga makofi mawili kwa nje, gari likianza kusogea ndipo tunadandia. Ramzi aliniambia kwa adabu zake, tena si mara moja, "Mama mdogo, ukigonga, gonga ukiwa ndani." Nikamjibu kwamba mtoto wa juzi hawezi kunifundisha kazi. Watoto wote ndani ya basi wakacheka, na mimi nikafurahi kwamba nimewachekesha.

Alhamisi ile ya ajali ilikuwa tarehe nne, ishirini ya Ramadhani. Tulifika Mutituni kumshusha Syombua, mtoto wa darasa la kwanza. Mama yake, Nthenya, anauza sukuma wiki ng'ambo ya barabara, kwa hiyo mtoto lazima apite mbele ya basi. Upande wetu kulikuwa na mama aliyeniwekea viazi vitamu vya futari, ananiita nikavichukue kabla hajafunga. Nikamwambia Syombua, "Vuka haraka, mama yako anakuona." Nikaona sweta yake nyekundu ikipita mbele ya basi. Nikapokea mfuko wangu, nikapiga bodi makofi mawili kwa mkono uliobaki, nikaweka mguu kwenye ngazi.

Kumbe kiatu kilikuwa kimemtoka. Alirudi kukiokota akainama karibu kabisa na basi, mahali ambapo dereva hawezi kumwona.

Nilisikia ukelele wa Nthenya kabla sijasikia breki. Mtoto alivunjika mguu juu ya goti. Daktari alisema kama gari lingeondoka kwa nguvu tungekuwa tunasema mengine, na gari halikuondoka kwa nguvu kwa sababu mwanao haondoki hivyo. Yeye pia alikosa, sikatai, maana hakuutazama mlango. Alisikia makofi yangu akaniamini.

Kituoni afande alimuuliza, "Nani alikuambia utoe gari?" Ramzi alinitazama. Mimi nikatazama ukutani. Akasema, "Hakuna mtu, afande. Nilidhani mtoto ashavuka, nikatoa mwenyewe." Ilipofika zamu yangu nikasema nilikuwa nyuma napanga mikoba na sikuona kitu. Ikaandikwa, nikatia sahihi.

Niliogopa, dada. Niliogopa jela, niliogopa kupoteza kazi, na zaidi niliogopa macho ya wanawake wa Mutituni ambao wamenikabidhi watoto wao miaka yote hii. Sina sababu nyingine ya kukupa na sitaitafuta.

Ramzi alinyang'anywa leseni, akatolewa kwa dhamana. Siku zote zilizofuata tulifuturu kwenye mkeka mmoja, ananipitishia tende, ananiuliza kama mgongo umetulia. Neno lenyewe hakuligusa. Mimi nami nikala hizo tende.

Kisha ikaja Idi na simu yako. Nilikuwa jikoni naepua pilau, nikamsikia uani akisema "Ndiyo, mama" mara nne. Aliporudi aliniambia umemkataza kukanyaga kwako kukupa mkono wa Idi mpaka mtoto wa watu atembee. Sikulaumu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na sisi sote tumelelewa hivyo. Lakini pilau hakuigusa, na tangu siku hiyo anakula kama mgonjwa.

Alhamisi iliyopita akaniambia kwamba Jumanne, kesi ikitajwa mahakamani, atakubali kosa lote ili iishe. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Wewe uko na mgongo mbaya, mama mdogo. Huwezi lala sero. Mimi niko sawa." Alisema hivyo huku anafunga kamba za viatu, kama mtu anayesema anakwenda dukani. Usiku wote sikupata usingizi. Kulipokucha nikaona kwamba nikinyamaza tena, nitakuwa nimemgonga mtoto wa pili, na huyu ni wako.

Jana asubuhi nilikwenda hospitali. Nthenya alikuwa anamnywesha Syombua uji. Siku ya pili baada ya ajali aliwahi kunishika mkono, akaniita mama kwa Kikamba, akaniambia, "Mwaitu, mimi sina maneno na dereva. Niambie tu nani aliambia gari iende." Nikamwambia sijui. Jana nikamwambia ni mimi. Kijiko kilisimama. Akamfuta mtoto mdomo, kisha akasema, "Ungesema siku ile." Hakunitazama nilipoondoka. Afadhali angenitukana.

Kutoka hapo nilikwenda kituoni nikaandikisha maelezo upya. Afande alinikemea mbele ya watu, na ana haki. Amesema huenda na mimi nikashtakiwa, kwa kosa lile na kwa kudanganya. Bwana Musembi ameniambia nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa, na sauti yake ilinionyesha kwamba sitaitwa.

Ramzi alipojua, alinifokea kwa mara ya kwanza tangu uliponikabidhi nimlee akiwa darasa la tano. "Nilikuwa nishamaliza hii maneno! Mbona umeirudisha?" Kisha akakaa kizingitini akalia, mwanaume wa miaka ishirini na sita, mpaka jirani Kamanthe akaja kuuliza kama kuna msiba. Nilimwambia hakuna, kijana anapumzika.

Sijui hakimu atasema nini Jumanne. Leseni yake inaweza kupotea hata hivyo, maana kanuni inasema mlango ufungwe na yeye aliondoka ukiwa wazi. Mimi nitasimama niseme nilivyofanya, naye nimemwomba aseme alivyofanya yeye, basi, asichukue hata kipande changu.

Kwako nina ombi moja. Nikasirikie mimi, hata usipotaka kuniona tena katika maisha yako nitapokea. Lakini mwanao alibeba kosa langu siku kumi na sita na hakunitaja, hata kwako wewe mama yake uliyekuwa unamfukuza. Ulimzaa mtu bora kuliko mimi. Ukimaliza kusoma, usimpe Abdulghani jibu la kuniletea wala salamu. Mpigie Ramzi, umwambie mlango wako uko wazi. Mahakamani anaingia saa tatu, na ningependa aingie akiwa ana mama.

Nisalimie shemeji Mudi, binti yetu Layla na watoto wake, na bibi Salama kama bado ananikumbuka. Mwenyezi Mungu akulinde, akuponye goti, na amjalie Syombua asimame kwa miguu yake miwili kabla ya mimi kusamehewa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo nisipopendeka,

Zaituni