Daftari Lako la Mapishi Linarudi

Nizwa,
msimu wa waridi

Kwa mdogo wangu Maryam,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta ukumbini kwenye kiti chako, magoti yamekuachia kidogo na jicho ulilopasuliwa limekwisha kufunguka. Unaweza sasa kusoma peke yako? Kama bado, nakuomba usimpe mjukuu akusomee. Mpe binti yangu Nasra aliyekuletea. Yeye anayajua yaliyomo, na sitaki uyasikie kwa sauti ya mtoto.

Jambo jingine: usiniamkie kwanza. Kila sauti unayonituma kwenye simu huanza na "Shikamoo, Da Zeyana," nami huitika marahaba hata sijasikia yanayofuata. Leo shikamoo yako iweke. Soma mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Afya yangu ni ya mtu aliyefika. Moyo umechoka. Zamani daktari alikuwa akizungumza na mimi. Siku hizi anamwita Nasra nje ya mlango. Nimefundisha skuli miaka mingi, Maryam. Najua mwalimu akimwita mzazi nje ya mlango huwa anataka kumwambia nini. Miguu inavimba, kalamu naishika kwa kituo, na barua hii nimeiandika kwa siku tano. Mwandiko ukibadilika humo njiani usishangae.

Huku sasa ndiyo majira yao mazuri. Baridi imeondoka na joto halijaingia. Nasra amefungua madirisha yote, mazulia ameyatoa akayatundika ukutani uani, anayapiga fimbo kama yamemkosea. Mkomamanga umetoa maua. Mlimani, Jabal Akhdar, wanachuma waridi alfajiri na kuyapika kwenye vyungu wapate marashi. Kila mwaka nilikuwa nikipanda kwenda kwa bibi mmoja, nikikaa naye jikoni mwake macho yakitoka machozi kwa moshi. Mwaka huu sikuweza, akaniteremshia chupa. Marashi yake yananukia moshi kidogo. Ungeyapenda. Kwetu tuna masika na vuli, hatuna majira ya namna hii, ndiyo maana niliyaandika sana kwenye ule ukurasa.

Sasa nimeufika huo ukurasa, na ndio unaonifanya niandike.

Unajua Nasra alinifungulia ukurasa kwenye mtandao nilipostaafu. Alisema mama usikae bure, andika. Nikaandika vitabu nivipendavyo, mapishi ya kwetu, na mambo ya nyumbani majira kama haya. Wakanisoma wanawake wa Ibra nilikosomesha, wa Sur, wa Maskati, mpaka wa Mombasa. Wewe pia mjukuu wako alikuwa akikusomea. Siku nilipoandika mkate wa kumimina ulinituma sauti nikaisikiliza mara nyingi sana, kila mara kwa adhabu yake. Ulisema, "Da Zeyana, umekumbuka kila kitu! Mpaka kusubiri unga uumuke ndipo utie sukari! Mimi nilikuwa pale pale na nimesahau. Kweli wewe ndiye uliyesoma."

Maryam, sikukumbuka chochote. Nilinakili kutoka kwenye daftari lako.

Lile daftari halikupotea safarini. Nilipokuja kwenye msiba wa Mama, ukanionyesha jinsi alivyokaa kitandani miezi ile ya mwisho akikutajia mapishi yake nawe ukiandika, nilikuomba nilichukue nikalinakili nilirudishe. Ulilifunga kwenye kanga yake ukanipa kwa mikono miwili. Nilifika nalo salama. Miezi ikapita, ukaniandikia kuliuliza, nikakujibu kwamba sanduku lilifunguliwa njiani na vitu vimepotea. Ukanipa pole. Ulinipa pole mimi!

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza na mimi. Nilipolifungua hapa niliisikia sauti yake mle ndani, "usikoroge kama mtu anayefukuzwa," "huo moto wa juu uwe wa haya," yale maneno yake, na yote yameandikwa kwa mkono wako. Mimi nilipata skuli, nikapata vitabu, nikapelekwa mbali nikasome zaidi. Wewe ulitolewa skuli ukamuuguza Mama. Nikaona, mimi niliyepewa vyote, kwamba nimenyimwa. Nilikuonea wivu, Maryam. Ulikuwa na kitu kimoja tu nacho nikakichukua.

Kisha ikaja arusi ya binti yako Rukia. Ulinipigia simu kwamba umejaribu mkate wa kumimina mara tatu na kila mara unabonyea katikati, na mawifi wanakucheka. Ukaniuliza, "Dada, Mama alikuwa akifanya nini?" Daftari lilikuwa kwenye sanduku, chumba kile kile nilichosimama na simu. Nikakwambia sikumbuki, Mama hakunifundisha. Nisingeweza kukumbuka bila ya wewe kuuliza nimekumbukaje. Arusi ikapita kwa mkate wa kununua. Ulinihadithia baadaye huku unacheka, nami nikacheka.

Miaka mingi baadaye, ulipokwisha kujizoesha kwamba umesahau, ndipo nikauandika kwa wasomaji. Na unajua nilivyoandika? "Nilipokuwa mdogo, jikoni kwa Mama, mikono yangu imejaa unga." Mikono yangu! Wewe unajua nilikuwa wapi. Nilikuwa nimekaa kizingitini, mgongo kwenye mwimo wa mlango, nimeshika kitabu. Wewe ndiye uliyekaa kwenye mbuzi unakuna nazi. Mama alikuwa akisema, "Mwanangu, soma kwa nguvu, na huyu apate." Nami nasoma, na ninyi mnapika, na nikifika pazuri unaacha kukuna unasema, "Hapo hapo, rudia." Kile kitabu cha hadithi kisichokuwa na jalada, kilichonyeshewa na mvua, ulikijua chote kwa kusikia. Kuna siku niliruka ukurasa kwa uvivu ukanikamata: "Yule mzee mwenye punda yuko wapi? Umemwacha njiani na mzigo wake?" Mama alicheka mpaka akaweka upawa chini.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mambo ya nyumbani kwetu, na ndiyo ningepaswa kuwaandikia watu. Badala yake nilikutoa jikoni nikakaa mimi. Katika maandishi yangu yote jina lako halimo. Msomaji mmoja aliwahi kuuliza kama nina ndugu. Sikumjibu.

Nilidhani nitakufa nayo hivyo hivyo. Lakini mwezi uliopita wasomaji wachache walitaka kuja kuniona, na Nasra akawakaribisha siku ya Ijumaa baada ya sala. Wakaja, mbele yao Bi Asha wa Sur, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alibeba papa mkavu wa pwani ya Ashkhara amefungwa kwenye magazeti, na nyumba yote, na waridi letu lote, ikawa papa.

"Mwalimu," akasema hata hajavua viatu, "sisi hatukuja kula biriani. Tumekuja kuona mkono wako. Mkate wa kumimina, leo, mbele yetu."

"Mimi mgonjwa, Bi Asha."

"Mgonjwa wa nini? Wewe kaa kwenye kiti utuamuru. Mchele tumekuja nao, umesharowekwa na kusagwa!"

Walikuwa wamebeba kweli, kwenye ndoo ya plastiki, umekwisha kuumuka. Nilikaa kwenye kiti jikoni nikaanza kuamuru mambo ambayo sijawahi kuyafanya kwa mkono wangu hata siku moja. Nikasahau lini unatiwa ute wa yai. Nikawaambia funikeni, wakafunika. Nikawaambia funueni, wakafunua. Ulipotoka, katikati umekwenda chini kama kiti kilichokaliwa.

"Mwalimu," Bi Asha akasema, "mkate wako umekaa kitako!"

Wakacheka wote, kwa mapenzi, wala si kwa ubaya. Ndipo nikafanya kosa. Nilimwambia Nasra awatoe wakale tende na kahawa, na mimi, kwa kuona aibu, nikajikokota chumbani nikachukua daftari, nikarudi nalo nilitazame haraka nijaribu tena. Macho yangu hayakuona vizuri. Bi Asha akarejea kutafuta kisu akanikuta nimeinama. Akalichukua mkononi mwangu, kama mtu anavyomsaidia mzee kusoma.

Akasoma ukurasa wa kwanza kwa ile sauti yake. "Daftari la Maryam. Usilichukue bila ya kuniuliza." Akanitazama. "Mwalimu, Maryam ni nani?"

Nasra alikuwa amesimama mlangoni na sinia.

Nilikuwa na nafasi, mdogo wangu. Neno lenyewe ni fupi. Nikasema, "Maryam? Alikuwa akitusaidia jikoni."

Niandike tena usije ukadhani umesoma vibaya. Nilisema hivyo juu yako, binti wa mama mmoja na baba mmoja na mimi. Unajua kwetu sisi maneno yale yana maana gani, na huku pia wanajua. Nilikufanya mtumishi wa nyumba uliyozaliwa.

Bi Asha alifunua kurasa mbili tatu polepole, akalifunga. "Mtumishi ana hati nzuri," akasema. Basi. Akachukua kisu akatoka.

Walipokwisha kwenda Nasra alikuwa anaosha vikombe. Hakugeuka. "Mama," akasema, "Mama Mdogo Maryam ndiye aliyekuwa akitusaidia jikoni?"

"Nasra, mwanangu..."

"Mimi naondoka Jumatatu ya wiki ijayo kwenda Unguja. Nimekwisha kuulizia ndege. Daftari utanipa au nilichukue mwenyewe?"

Hajapata kunisemesha vile tangu azaliwe. Nilimwambia nitampa, anipe siku chache niandike. Akasema, "Andika kweli, basi. Kwa wasomaji umeandika vizuri vya kutosha."

Siku ya pili nilimpigia Bi Asha. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanipotea, nikasema tu, "Maryam ni mdogo wangu."

Akasema, "Najua, Mwalimu. Nilisoma pale kwenye maandazi, pembeni. Hakuna mtumishi anayeandika vile. Nilikuwa nangoja simu yako."

"Na kama nisingepiga?"

"Ningeendelea kungoja. Lakini wewe huna muda wa kungojwa, Allah akupe afya."

Unakumbuka uliandika nini pembeni mwa maandazi? Labda umesahau, kwa sababu nilikunyima kukumbuka. Mimi nakijua kwa moyo. Mama alikutajia kiasi cha hiliki, ukakiandika, halafu ukaongeza wewe mwenyewe, kwa herufi ndogo: "Da Zeyana hapendi hiliki nyingi. Siku akirudi, punguza."

Miaka yote hii nimelisoma hilo, Maryam. Nililisoma na bado sikulirudisha.

Daftari analo Nasra, limefungwa kwenye kanga ile ile ya Mama. Sikuchana ukurasa wala sikuandika neno langu. Kuna doa la marashi ya waridi karibu na halua. Hilo ni langu, nisamehe na hilo. Kwenye ukurasa wa mtandao nimemwambia Nasra asiweke kitu tena mpaka akuulize wewe. Nimeandika maelezo kwa wasomaji kwamba mapishi ni ya Mama kwa mkono wako, na kwamba mimi nilikuwa kizingitini. Amekuja nayo. Ukiridhia jina lako litajwe, yatatoka. Usiporidhia, ukurasa ufungwe.

Ya arusi ya Rukia siwezi kuyarudisha. Siwezi pia kuja. Ningekuja kwa magoti. Kitu kimoja nakiomba, ambacho mtu huomba kabla ya safari hii ninayoikabili, na watu wengi hukiombea mambo madogo madogo yasiyojulikana: nihalalishie. Sikiombi kwa jumla. Naomba unihalalishie daftari, na uongo wa sanduku, na mkate wa Rukia, na ile miaka uliyodhani umesahau, na lile neno nililolisema jikoni. Hilo la mwisho, ukilizuia peke yake, nitajua kwa nini.

Nisalimie mkwe wangu, mume wa Rukia, aliyenichorea ramani ya mtaa wenu mpya nami sikuja kuitumia. Msalimie Rukia mwenyewe, na umwambie kuna mkate wake kwenye ukurasa wa kumi na nne. Nisalimie mwanao Suleiman, fundi wa majokofu, na mkewe. Na jirani yetu wa ukuta mmoja, Bi Kidawa, kama bado anagonga ukuta akisikia harufu nzuri. Wajukuu wote wabusu kwa niaba yangu, na yule anayekusomea mwambie asiruke ukurasa.

Nasra atakuwa pamoja nawe wakati unamaliza kusoma, na simu yake inafika kwangu. Sitaki maneno marefu, kifua changu hakiyawezi. Ukiona unaweza, niamkie. Ukiona huwezi, mwache Nasra aniambie tu kwamba amefika salama, nitafahamu, wala sitakulaumu.

Nimekaa dirishani na simu mapajani. Safari hii sitaitika kabla hujasema.

Ndugu yako,
Zeyana