Chuo cha Juu ya Duka la Nyavu

Mkolani, Mwanza
2 Februari 2025

Shikamoo mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na baridi ya Leeds haijakushinda. Sisi tupo. Mama mkono wa kulia bado haujapata nguvu tangu kile kiharusi, lakini maneno yamerudi, na yamerudi na ukali wake wote. Anasema nikuandikie kwamba dada yako hajafa, usijifanye umesahau njia.

Mjomba, nina jambo. Kaka Paulo alikuja kutoka Sengerema. Anataka kumchukua mama akakae kwake, ili mimi niende Geita kutafuta kazi. "Huwezi kukaa hapa miaka yote unageuza mgonjwa kitandani," alisema, mbele ya mama mwenyewe. Mama hataki kutoka kwenye nyumba yake, na mimi sitaki kumwacha. Tumekubaliana hivi: nikipata kazi ya kufanyia nyumbani kabla ya Novemba kuisha, mama anabaki. Nisipopata, Paulo anakuja na gari.

Nimefikiria kazi uliyoifanya wewe, ya kuchapa taarifa ambazo madaktari wanazisema kwenye kinasa sauti. Nimeona mafunzo mawili. Moja ni la chuo cha nje, kwa mtandao: wiki sita, cheti chenye muhuri wa dhahabu, na wanaahidi kazi. Lingine ni la mama mmoja wa Kirumba anayeitwa Modesta, zamani karani wa kumbukumbu za wagonjwa. Ana chumba juu ya duka la nyavu, wanafunzi sita, miezi minane. Nilipomuuliza kama nitapata kazi, alinijibu, "Mimi nafundisha. Kazi utaitafuta mwenyewe."

Nichague lipi?

Mpwa wako,
Selina


Leeds
9 Februari 2025

Mpwa wangu Selina,

Marahaba. Mimi ni mzima; magoti yanalalamika, lakini hayakuanza leo. Mwambie dada yangu Paskazia kwamba njia naikumbuka. Kinachonipotea ni sura za watu ambao wangekuja kunipokea.

Nilichapa barua za madaktari miaka ishirini na sita, kwa hiyo nikuambie ukweli kwanza. Kazi imebadilika. Siku hizi kompyuta inaandika yenyewe, kisha mtu anasikiliza na kuisahihisha. Wanaohitajika ni wachache, na ni lazima wawe wajuzi. Usiingie ukidhani wepesi wa vidole unatosha.

Kanuni yake haijabadilika. Usichokisikia, usikiandike. Acha nafasi wazi, weka dakika na sekunde, daktari mwenyewe ataijaza. Nilimwona kijana hodari akifukuzwa kwa kubahatisha kipimo cha dawa, na alikuwa amebahatisha sawasawa.

Kuhusu chuo, chukua kile cha nje. Niwie radhi, lakini chumba juu ya duka la nyavu? Kirumba ninaijua. Makelele ya mwaloni, kwenye soko la samaki, yanaanza alfajiri, na huko ndiko mtu akafundishwe kusikiliza? Waajiri watataka cheti wanachokitambua.

Nimekuwekea sauti ya kujifunzia. Nimebuni mgonjwa, nikamwiga daktari mmoja aliyekuwa na tabia ya kuzungumza huku anatafuna. Samahani, katikati mashine yangu ya kufulia ilianza kukamua nguo.

Mjomba wako,
Obedi


Mkolani
23 Februari 2025

Shikamoo mjomba,

Hatujambo, tunaomba nawe hujambo. Mama anakula vizuri na jana amemgombeza muuza maziwa mpaka akaongeza kikombe.

Sauti yako nimeisikiliza mara kumi na moja. Pale kwenye kipimo cha dawa ya shinikizo la damu, mashine yako ya kufulia imekimeza chote. Niliacha nafasi: dakika ya pili, sekunde ya arobaini na moja.

Halafu nikafanya jambo ambalo hukunituma. Sauti hiyohiyo niliipeleka kwa vyuo vyote viwili, nikaomba nione mwalimu wao angeichapaje. Nilijiambia, kabla hawajanipima mimi, acha niwapime wao.

Cha nje walijibu baada ya dakika ishirini. Taarifa safi, haina nafasi hata moja, na kipimo kimeandikwa: miligramu hamsini. Nikauliza, hapo mmesikiaje? Wakasema hicho ndicho kipimo cha kawaida, wakanipongeza kwa umakini, wakanikumbusha kujiandikisha kabla ya Ijumaa.

Mama Modesta alichukua siku mbili. Aliacha nafasi tatu. Kwenye kipimo aliweka dakika na sekunde zilezile zangu. Chini akaandika kwa kalamu nyekundu: "Mwanzoni msemaji ametaja figo ya kushoto, mwishoni ya kulia. Aulizwe."

Nilirudi kusikiliza, mjomba. Ni kweli. Mara zote kumi na moja lilinipita, na nadhani hata wewe lilikupita.

Nisamehe kwa kwenda kinyume nawe. Jumamosi naanza Kirumba, na jirani atakaa na mama. Mama Modesta ameshanionya: "Mwezi wa kwanza hutachapa neno. Utajifunza mwili kwanza."

Mpwa wako,
Selina


Leeds
25 Februari 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Niko salama, ila nimeaibika kidogo. Nimejisikiliza. Mgonjwa nilimbuni mwenyewe, na figo yake nikaihamisha mwenyewe.

Nilikosea, na si kwenye figo tu. Huku nimeona vyeti vingi vya kupendeza vikining'inia nyuma ya watu wasioijua kazi. Hata hivyo ulipoandika Kirumba, niliiona Kirumba ya mwaka 1981, asubuhi niliyoondoka, nikadhani kila mtu mwenye ujuzi aliondoka siku hiyo pamoja nami. Hilo ni kosa la mtu aliyekaa mbali mno.

Nisalimie mwalimu wako. Mwambie kuna mzee Leeds ambaye angependa kazi zake zisahihishwe na yeye.

Mjomba wako,
Obedi


Leeds
19 Oktoba 2025

Selina,

Hamjambo huko? Mimi nashukuru Mungu.

Barua yako ya mwisho ni ya Julai, uliposema umefanya mtihani wa kampuni moja ukashindwa kwenye majina ya dawa. Tangu hapo kimya. Sikuulizi kama umepata kazi. Nauliza kama wewe na dada yangu mnaendelea vizuri. Novemba si mbali, na kalenda ninayo ukutani.

Mjomba wako,
Obedi


Mkolani
30 Novemba 2025

Shikamoo mjomba,

Unisamehe kwa kimya. Sisi ni wazima, mama zaidi ya wote. Sikutaka kukuandikia habari nusu.

Baada ya kushindwa, Mama Modesta hakunipa pole. Alinipa orodha ya dawa mia tatu na kusema, "Rudi ukizijua." Nilizisoma nikimlisha mama, na mama akawa ananishikia karatasi kwa mkono wa kushoto. "Umeruka moja, mvivu wewe," alikuwa akisema. Mwanzoni mwa Novemba nilifanya mtihani wa kampuni nyingine. Walitupa taarifa zilizoandikwa na kompyuta, tuzisahihishe. Tulikuwa arobaini na mmoja, wamechukua watatu. Mimi ni mmoja wao. Mkataba nimesaini, na wiki hii nimeanza kazi hapahapa, mezani, pembeni ya kitanda cha mama.

Paulo nilimwambia kwa simu. Akasema, "Kazi gani ya kukaa chumbani na mgonjwa?" Jana akaja na gari, na godoro la kumlaza mama amelifunga nyuma.

Aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, akaanza kuzungumza. Nilikuwa na hedifoni masikioni, daktari yupo katikati ya kusimulia upasuaji. Nikainua kidole kumwonyesha asubiri. Mjomba, mimi huyu, kumwinulia Paulo kidole. Mama ndiye aliyemwambia:

"Kaa chini. Mdogo wako yuko kazini."

Akakaa. Dakika ishirini na tano, kofia mapajani. Nilipovua hedifoni akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa hao madaktari wanakusikia?"

"Hapana, kaka. Mimi ndiye ninayewasikia."

Akatazama kompyuta, akamtazama mama, ambaye alikuwa amejifunika shuka yake vizuri kama mtu asiyekwenda popote.

"Na kesho unaingia saa ngapi?"

"Kesho Jumapili, sina zamu. Jumatatu saa nne."

"Basi Jumatatu asubuhi nisikupigie," akasema. Tukala naye sato na ugali. Alasiri akaondoka kuwahi kivuko cha Kamanga, na godoro lake nyuma ya gari, bado limefungwa.

Mpwa wako,
Selina