Hatua Laki Moja Hadi Mkuu

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinilea nisifungue mdomo mbele ya mkubwa kabla ya kumwamkia, na kufa kwako hakujabadilisha hilo.

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwako Mkuu, Rombo, nimekaa kitandani, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi. Vidole viwili vimetoka kucha. Nimekuja kwa miguu, Baba. Ndiyo, kutoka Soweto ya Moshi. Ile safari uliyokuwa unanitambia kila tukitembea, kwamba siku moja tutaondoka Moshi gizani tuingie Rombo jua likizama, simu isome hatua laki moja kwa siku moja, nimeifanya jana peke yangu. Na nusura niharibu kila kitu.

Ngoja nikueleze tangu ulipoondoka, maana hujui.

Asubuhi ile tulirudi kutoka kwenye mzunguko wetu wa kutembea kama kawaida. Ulikaa mlangoni kwangu Soweto uvue viatu. Ukavua kimoja, ukasema, "Adelina, leo nimekushinda," ukaegemea mlango. Mimi nikacheka, nikapita ndani kubandika chai. Nikakusema nikiwa jikoni, nikakwambia huna lolote, mzee unayefunga simu mguuni kwa kitambaa ukanyage cherehani siku nzima ili ihesabu hatua! Nilikuwa bado nakutania kuhusu kile cherehani chako. Bado naongea. Na wewe ulikuwa...

Basi. Hapo niparuke.

Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka miaka mingi, na kwamba kwa sukari uliyokuwa nayo, kutembea kulikuongezea muda. Nilimweleza Shangazi Pulkeria hayo yote, neno kwa neno. Hakutaka kusikia. Siku ya kukuzika, hapa nyuma ya nyumba kwenye migomba, nilipoinama nichukue udongo, dada yako alinishika mkono mbele ya ukoo mzima. Akasema, "Umemtembeza kaka yangu mpaka akafa. Kaburi hili usilisogelee tena."

Weee! Watu wote waliangalia chini. Hata Prosper, mwanao wa kiume, kaka yangu wa tumbo moja, aliangalia chini. Nikarudi Moshi bila kukutupia udongo. Krismasi ikaja, na Mchagga gani anabaki mjini Krismasi? Mimi nilibaki. Soweto ilikuwa tupu, maduka yamefungwa, hata kule saluni kwangu hakuja mteja. Nikavaa raba nikatembea mpaka nikachoka kulia.

Sasa juma lililopita Prosper akanipigia. Jumamosi ni misa yako ya kumbukumbu na kubariki msalaba wa kaburi. Akaniambia, "Ade, njoo na gari, fika kimya kimya, ukae nyuma kabisa, Shangazi hatakuona." Nikamuuliza, mimi ni mwizi? Mtoto wa marehemu akae nyuma kama mpiga picha wa kukodi? Nikamwambia nakuja, na nakuja kwa miguu. Akashusha pumzi. Akasema, "Unakwenda kumchokoza."

Hakukosea, Baba. Sikudanganyi. Nusu ya safari ile ilikuwa ahadi yetu, nusu ilikuwa hasira. Anayesema kutembea kumekuua, nilitaka anione natokea barabarani nikiwa mzima.

Mpaka Himo nilikwenda vizuri. Nilitumia mwendo wako, ule wa kutosimama hata kunywa maji. Kero ilikuwa watu. Kila bodaboda anapunguza mwendo: "Mama, vipi, umeibiwa nauli?" Mmoja alitaka kunipandisha bure, nikakataa, akaniangalia kama nina matatizo ya akili. Kuanzia Himo barabara ikaanza kupanda, na hapo ndipo nilipojua kwamba tambo zako zote zilikuwa za mtu aliyeketi. Ukipanda, hatua zinakuwa fupi, simu inafurahi, magoti yanalia.

Marangu Mtoni nikafanya kosa.

Pale kwenye ua wa watu niliona masale, ile mimea yetu ya mipakani na makaburini, yamestawi, ya kijani kibichi, marefu. Nikakumbuka kaburi lako bado halina. Nikaomba kwa mwenye ua, akanikatia tawi moja, nikaendelea na safari nimelishika mkononi nije nikupandie. Kichwa changu kilikuwa kwenye kaburi tu. Mtu aliyekulia kihambani, kwenye migomba ya ukoo, aliyefundishwa na wewe mwenyewe kwamba aliyemkosea mwenzake humpelekea sale, na anayepelekewa hawezi kukataa kusamehe, mtu huyo anatembea barabarani na sale mkononi na hajiulizi watu wanaona nini! Mji umenilemaza, Baba.

Walikuwa wananipisha. Kina mama wenye mizigo ya majani ya ng'ombe wananipisha njia. Nikadhani ni huruma. Kufika Mwika nikamkuta Mama Leokadia, yule rafiki wa Shangazi, amesimama mbele ya nyumba yake. Akanishika bega kwa upole, akasema, "Pole mwanangu. Ni vizuri. Mkosaji akijirudi mwenyewe, Mungu anafurahi."

Nikamwambia sijamkosea mtu. Nikamwambia sale ni la kupanda kaburini. Akaitikia, "Ndiyo, ndiyo," vile watu wanavyomwitikia mlevi. Nikataka kulitupa pale pale. Lakini utatupaje sale, tena mbele ya mtu mzima? Nikaondoka nalo.

Mbele ya Mwika kifua kikanibana.

Sikuwa nimewahi kuogopa vile. Upande wa kushoto, kitu kama mkono unakunja ngumi, kikaachia, kikakunja tena. Jasho jembamba likanitoka na huku kuna ubaridi. Nikakaa kwenye jiwe la pembeni ya barabara, nikaweka mkono kifuani, nikasikiliza moyo wako. Nasema wako kwa sababu niliwaza, huu si ndio moyo alionirithisha? Labda alikaa hivi hivi pale mlangoni, akasikia hivi hivi, na mimi niko jikoni napayuka. Baba, ulisikia maumivu? Uliniita?

Na katikati ya hofu ile, unajua niliwaza nini? Niliwaza kwamba nikifa hapa, Shangazi atakuwa ameshinda. Watanibeba mpaka Mkuu, atasimama mbele ya watu aseme, mnaona? Nikapandwa na hasira, nikacheka peke yangu. Nikakumbuka sijala tangu Himo. Nikala ndizi mbivu mbili na karanga, nikanywa maji, nikasubiri. Ngumi ikaachia. Haikurudi. Nimeshaapa nikirudi Moshi nakwenda hospitali kupima, kwa hiyo usianze.

Nikatembea tena, taratibu, nausikiliza huo moyo kila hatua kama mtu anayesikiliza mlango usiku. Wingu lilishuka mpaka kwenye migomba. Jua likazama mimi bado niko njiani.

Nilipokata kona ya nyumbani nikaona taa ya nje inawaka na watu wamekaa. Wazee wawili wa ukoo wako kwenye benchi. Ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, imefunikwa kwa jani la mgomba. Prosper kasimama kando, hajui mikono aiweke wapi. Na katikati, kwenye kiti chako, Shangazi, amevaa kitenge cha kanisani. Mama Leokadia alikuwa ameshapiga simu: mtoto anakuja na sale, anakuja kuomba msamaha. Wakaandaa kikao.

Nikaelewa yote kwa mara moja.

Ilikuwa rahisi sana, Baba. Nisogee, nimpe lile tawi, nipige goti, niseme nimekosa. Asingeweza kukataa. Tungekunywa mbege, leo ningekaa mbele kanisani na wenzangu, na kaburi lako ningelishika kwa mikono miwili. Mzee mmoja alishaanza kukohoa kusafisha koo. Prosper ananikonyeza nifanye haraka. Neno moja tu. Na ningekuwa nimekubali mbele ya ukoo kwamba nilikuua.

Nililiweka tawi chini, ukutani. Nikamwamkia. Nikamwambia, "Shangazi, hili ni la kumpandia Baba. Sikuja kuomba msamaha. Baba sikumuua. Kama ni kwa hilo nisilisogelee kaburi, nitageuza sasa hivi nirudi nilikotoka."

Kugeuza! Na miguu ile! Hata kufika getini nisingefika. Lakini nilishasema.

Mzee wa pili akasema, "Binti, huyo ni kama mama yako," Shangazi akamnyamazisha kwa mkono. Aliniangalia usoni, akashusha macho mpaka kwenye raba, akaona damu iliyopenya kwenye soksi. Nilijua anatafuta neno la kunifukuzia.

Akasema, "Najua hukumuua. Daktari alinieleza na mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia. "Kaka yangu alikufa, Ade. Nilihitaji mtu wa kumgombeza. Mungu nilimwogopa."

Nilitaka kumpigia kelele. Mwaka mzima, Baba! Mwaka mzima nimelala na neno lake, kumbe neno lenyewe hata yeye haliamini. Nilifungua mdomo ikatoka kwikwi. Nikalia kama mtoto mdogo mbele ya wazee, kamasi na kila kitu, na dada yako akanishika kichwa akakibana tumboni kwake, kitenge kizuri kikaloa.

Sijamsamehe yote. Nakwambia ukweli, kipo kipande bado kinawaka. Lakini nilipotulia aliniuliza kitu ambacho sikukitarajia. Aliuliza, "Hiyo hesabu yenu ya kwenye simu, imefika?" Nikatazama. Zilikuwa hazijatimia, zimebaki kidogo. Nikamwambia basi, inatosha, siwezi kunyanyua mguu. Akasimama, akakaza kitenge kiunoni, akawaambia wazee wasubiri. Akanishika mkono akasema, "Twende. Ila usinikimbize."

Tukazunguka kihamba chako, mimi na yeye. Nyumba, banda la ng'ombe, migomba, kaburi, tena nyumba. Mimi nachechemea, yeye anahema. Kila tukipita kwako alisimama kidogo akasema, "Kaka, tunapita," halafu tunaendelea. Akaniuliza mimi na wewe tulikuwa tunaongea nini huko njiani kila siku. Nikamwambia ulikuwa unamsema yeye, jinsi alivyokuwa anakushinda mbio za kwenda kuchota maji mkiwa wadogo. Akacheka, akalia, akataka nimsimulie tena kutoka mwanzo.

Misa ni saa nne. Raba hazivaliki, nitaingia kanisani na malapa, na nitakaa mbele. Tukirudi nitakupandia sale lako, na udongo wangu wa mwaka jana nitakutupia leo.

Pumzika, Baba yangu. Nakuahidi nitakuja huku kila mwezi nimtembeze dada yako, taratibu. Na nakuahidi kumficha jambo moja. Jana simu ilitimiza laki tukiwa mzunguko wa tatu. Aliniuliza, "Imefika?" Nikamwambia, "Bado, Shangazi," tukaendelea kutembea.

Mwanao,
Adelina