Baba, Washa

Ijumaa, usiku

Sijawahi kumwambia mtu: nataka kuwa fundi magari, si daktari kama anavyotaka Mama.

Leo tulijaribu breki kubwa za mbele alizofunga Baba kwenye gari lake. Kila akikata usukani mpaka mwisho, zinagonga chuma cha chini.

"Khalas, basi, nazirudisha dukani," akasema.

Nikanong'ona, "Baba, washa."

Akawasha injini.

Nikalazimika kupaza sauti. "Washa ya chuma, Baba, ile pete nyembamba! Tuiweke kwenye bolti inayozuia usukani, gurudumu lisigeuke sana."

Tukaweka kila upande. Hakuna kugonga tena!

"Kumbe nina fundi nyumbani," akacheka, "ila ananong'ona."

Mikono inanuka grisi na sitaki kunawa. Nasikia ndara za Mama zikija mlangoni. Huu ukurasa siufichi, asome tu.