Nilimpigia Magoti Mzee Wistin

Kisiwani Malta,
mwezi wa tisa.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Shikamoo na wewe Mama, maana najua umekaa karibu na mlango unachambua maharage na kujifanya husikilizi. Mimi ni mzima wa mwili, nakula, nalala, nafanya kazi. Rohoni siwezi kusema ni mzima, na nitaeleza kwa nini. Ninyi hamjambo? Goti la Baba liliionaje baridi ya mwezi wa saba? Nyumba mpya imeshaezekwa upande wa jikoni, au Mama bado anapika amejitanda blanketi kama mwaka ule tulipohamishiwa hapo kijijini? Huku ni joto Baba, joto la bondeni kule Kaoze, lile lililokufanya uape kwamba humtembelei Shangazi tena mpaka apande yeye kuja kwetu.

Barua hii haikupitia kwa Baba Mdogo Desideri. Najua yeye ni katibu wa kijiji, na barua zote zinazotoka posta ya Sumbawanga kuja Mollo huangukia mikononi mwake, na tangu niondoke yeye ndiye amekuwa akikusomea zangu. Hii nimeituma kwa mwalimu wa Anastazia, ampe Anastazia mkononi, naye akusomee. Anastazia mdogo wangu, soma polepole. Usiruke neno, hata likikutia aibu, hata kama Baba Mdogo ameketi hapo hapo mbele yako.

Baba, nimekasirika. Sijui namna nyingine ya kulisema kwa adabu, kwa hiyo nalisema hivyo hivyo.

Nimepata barua ya Baba Mdogo. Barua ya kunikaripia mimi, binti wa kaka yake, ameigonga muhuri wa kijiji kana kwamba ananidai mbolea. Anasema ile picha niliyowatumia aliiinua mbele ya wazee kwenye kikao cha ukoo, ikazungushwa mkono kwa mkono. Anasema hatukupata uhuru ili watoto wetu waende kuwapigia magoti Wazungu walio uchi. Anasema mimi niko huku nachagua fukwe za kuogelea, leo huu, kesho ule, wakati wenzangu wameinama kwenye shamba la ujamaa. Na anasema ukoo umekubaliana kwamba Anastazia akimaliza darasa la saba basi, hata akichaguliwa sekondari haendi, kwa kuwa tumeshaona mtoto wa kike akisoma anaishia wapi. Mwisho kabisa ameandika: baba yako amekubali.

Hayo maneno matatu ya mwisho nimeyasoma mpaka karatasi imelegea.

Sasa nisikilize, maana hizo fukwe nilizichagua kweli. Mwezi wa tano Sista Mkuu wa nyumba hii ya wazee ninapojifunza kazi aliniita ofisini. Akasema nimefanya kazi mwaka mzima bila kupumzika, kwa hiyo nimepewa likizo ya wiki moja baharini. Nikashukuru sana. Nilikuwa nimeanza kuwaza jinsi nitakavyolala mpaka saa nne asubuhi, ndipo akaendelea: likizo hiyo nitakwenda na wazee tisa. Niwavushe, niwavue viatu, niwaogeshe, niwalishe, niwarudishe. Tena kabla ya safari, mimi na muuguzi mwenzangu Karmena, msichana wa hapa hapa, tuzunguke tuchague fukwe mbili zitakazowafaa. Hiyo ndiyo likizo ambayo Baba Mdogo anaionea wivu. Nilitoka ofisini nimeuma meno.

Basi tukazunguka. Ufukwe wa kwanza haukuwa hata na mchanga. Ni miamba mitupu, na watu wamejilaza juu yake wamejianika kama dagaa wa Kasanga, wanajigeuza upande huu na upande huu. Nikamuuliza Karmena mzee mwenye mkongojo atashuka vipi majini. Akasema hapo panapendwa sana na wageni. Nikamwambia wageni wana magoti yao.

Wa pili ulikuwa na mchanga mweupe na maji unayoweza kuhesabu kokoto chini yake. Karmena alipagawa, akasema ni huu huu, tusihangaike tena. Lakini kuufikia unashuka ngazi za mawe ndefu kama mteremko wa kwenda bondeni. Nikamuuliza nani atawapandisha hao tisa, yeye au mimi. Akanuna, tukapanda basi.

Hapo nikaona huyu mtoto anachagua kwa macho. Mimi nikaanza kuchagua kama unavyochagua wewe mahali pa kupiga matuta. Nilivua viatu, nikakanyaga kwa kisigino, nikanyanyua mguu kutazama shimo linajifunga au linabaki. Mchanga unaodidimiza kisigino utamwangusha mzee. Nikatazama upepo unaingilia wapi. Nikaingia majini na gauni langu la kazi, nikahesabu hatua mpaka maji yafike magotini. Karmena alicheka mpaka akakaa chini. Lakini tulipofika Ramla, kwenye kile kisiwa kidogo cha jirani kinachoitwa Gozo, alivua viatu mwenyewe. Mchanga wa pale ni mwekundu Baba, mwekundu kama njia ya Pito mvua inapoanza. Nyuma yake kuna mashamba ya watu na matete marefu yanayokinga upepo, na maji yanakwenda mbali ndipo yanafika magotini. Nikasema ni huu. Ili zitimie mbili, tukauchukua na ule wa ng'ambo ya kilima, ambao haukuwa mzuri sana lakini ulikuwa na choo.

Sasa huyo Mzungu aliye uchi. Anaitwa Wistin, ndiyo Augustino wetu. Alikuwa mwashi, akichonga mawe ya kujengea tangu utotoni, na magoti yake yameisha kwa kazi hiyo. Mke alikufa. Watoto wake watatu wote wako Australia, na huku mzee asiye na mtoto karibu huletwa kwa masista kama sisi. Mama hataamini hilo, lakini ndivyo lilivyo.

Siku yangu ya kwanza nilipoingia chumbani kwake na uji wa asubuhi, niliweka bakuli chini, nikapiga magoti mlangoni, nikapiga makofi yetu yale ya taratibu, nikasema shikamoo. Sikupanga, magoti yalikwenda yenyewe. Karmena alidhani nimeangusha kitu, akainama anisaidie kukitafuta. Mzee Wistin hakucheka. Aliketi wima kitandani, akafunga kifungo cha juu cha shati, akaniinamishia kichwa. Kesho yake nilipofika nilimkuta ameshafunga kifungo, ananingoja. Tangu siku hiyo mpaka leo hajawahi kukubali kula uji kabla hajaamkiwa.

Daktari aliagiza magoti yake yapate jua na maji ya chumvi. Kwa hiyo asubuhi ile pale Ramla tulimvisha kaptula ya kuogelea, kama wenzake wote, tukamlaza juu ya taulo. Mimi nilikuwa nimetangulia majini na bibi mmoja. Niliporudi nikamkuta ananitazama, nikakumbuka kwamba kwa haraka za safari sikuwa nimemwamkia. Nikapiga magoti pale pale kwenye mchanga. Yeye akainua mkono nisubiri, akapapasa kifuani kutafuta kifungo, akakuta hana shati. Aliona haya sana. Akamwomba Karmena kofia yake, ile nyeusi ya kwenda Misa, akaivaa, ndipo akaniruhusu niendelee. Karmena akatupiga picha.

Itazameni tena hiyo picha. Mlimwona mtu asiye na shati, na wanawake wa nyuma yake ambao mimi wala siwajui. Hakuna hata mmoja kwenye kikao chote aliyeona kwamba mzee wa kaptula amevaa kofia nyeusi juani? Hakuna aliyeona kwamba mimi nimevaa gauni langu jeupe la kazi, limefunika magoti na bado limelowa?

Na suala la uhuru. Baba Mdogo ni mtu wa siasa, mimi si mtu wa siasa. Lakini kupiga magoti sikufundishwa na mkoloni. Nilifundishwa na Mama, na wewe Baba ndiye ulinikazia. Umesahau siku niliyotoka kisimani na ndoo kichwani nikakusalimia nimesimama kwa sababu shingo ilikuwa inauma? Hukunijibu. Ulimtazama ng'ombe. Nikasalimia tena, ukamtazama ng'ombe. Mpaka nikatua ndoo, nikapiga magoti, ndipo ukageuka kana kwamba ndiyo kwanza nimefika. Nililia siku ile. Leo nimeyafanya yale yale mbele ya mzee wa watu, ugenini, ambako hakuna wa kunikaripia nikiacha, halafu mnaniita niliyepotea. Mlitaka niwabague wazee, niwaamkie wenye shati tu? Baba Mdogo mwenyewe huvua kofia gari la serikali likipita, hata kama ndani yumo dereva peke yake na magunia, na sijasikia akifanyiwa kikao.

Namheshimu Baba Mdogo. Alinibeba mgongoni kunipeleka misheni nilipougua surua, na hilo sitalisahau. Lakini jambo alilolifanya safari hii ni baya, nami nimelijua.

Ile picha nilituma kwa fahari. Nilitaka uone kwamba sijasahau. Nyuma yake niliandika hivi: Baba, huyu ni Mzee Wistin, mwashi, watoto wake wako mbali. Namwamkia yeye kila asubuhi kwa kuwa wewe siwezi kukufikia. Sasa Anastazia ameniandikia. Anasema alitumwa nyumbani kwa Baba Mdogo kuchukua chungio, akaiona picha imechomekwa kwenye daftari la kijiji, akaigeuza, akasoma. Akaniuliza, Dada, mbona maneno haya Baba hakusomewa? Anasema alipokuuliza wewe, ulimwambia picha haina maneno.

Uliambiwa haina maneno, Baba. Baba Mdogo aliyasoma akayaacha, au hakujisumbua kuigeuza, mimi sijui, na vyovyote vile ni sawa tu. Wazee wazima waliamua maisha ya mtoto kwa kutazama upande mmoja wa karatasi. Na aliyeugeuza upande wa pili ni mtoto huyo huyo wa darasa la saba mnayesema shule itampoteza. Mkimkalisha nyumbani atwange ulezi mpaka apatikane wa kumwoa, mimi nikiandika tena nani atageuza karatasi? Miaka miwili sasa nimekuwa nikiongea nawe kupitia mdomo wa mtu mwingine, na sijui ni mangapi yalibaki mdomoni mwake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuitwa mpotevu.

Anastazia ameniambia na jambo jingine, akasema nisikuambie kwamba ameniambia. Kwamba siku za kisomo cha watu wazima, saa kumi jioni, wewe ni wa kwanza kufika darasani, unakaa nyuma kabisa, na ukirudi unaandika chini kwa kijiti karibu na zizi halafu unafuta kwa mguu kabla majirani hawajapita. Usimgombeze. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu na machozi yakanitoka. Mimi nilidhani hasira imenijaa mwili mzima, kumbe kulibaki nafasi.

Kwa hiyo nimeomba kwa Karmena nakala nyingine ya picha, ndiyo hii iliyomo ndani ya bahasha. Nyuma nimeandika maneno machache, kwa herufi kubwa zilizoachana, kama zile za ubaoni.

Nisalimie Bibi mzaa mama kule Pito, mwambie shuka la kujifunika niliahidi na bado naahidi. Nisalimie Shangazi wa Kaoze akipanda. Nisalimie mwalimu wa Anastazia, na umshukuru kwa barua hii. Nisalimie Baba Mdogo Desideri, shikamoo yake aipokee, naitoa nikiwa nimepiga magoti kama kawaida, ingawa uso nimeukunja. Mama, maharage yatakuwa yameisha sasa, nenda ukapike.

Anastazia, hapa umefika mwisho wa kusoma. Mpe Baba picha, ikiwa imegeuzwa, halafu unyamaze. Akikwama, mwache akwame. Usimsaidie hata silabi moja.

Na wewe Baba, ukimaliza, uitikie kwa sauti. Mimi sitasikia, lakini Anastazia yupo hapo, na kuitikia kwako kuwe ni kumwambia kwa mdomo wako mwenyewe kwamba akichaguliwa ataenda. Akiniandikia hivyo, nitajua salamu yangu imefika.

Ni mimi binti yako uliyemfundisha kutua ndoo,
Filotea

Nyuma ya picha:

BABA
SHIKAMOO
NIMEPIGA MAGOTI