Nguzo Niliyoisogeza

Nyambureti,
Mugumu, Serengeti.
14 Juni, 2024

Mpendwa dada Robi,

Shikamoo. U hali gani? Mguu unaendeleaje, na baridi ya Mbeya umeizoea au bado unalala na soksi? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mume wangu Nyangwine ameenda kuchunga, mahindi tumeshavuna. Mimi tu ndiye sina raha, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini.

Ni habari za mwanao Deus. Haumwi, usishtuke. Amesimamishwa kazi. Najua hajakuambia, na mwenye kosa ni mimi.

Unakumbuka alivyokuja na ule mradi wa kusikiliza tembo. Walisimika nguzo nne kuzunguka mashamba yetu, kila moja ina maikrofoni juu. Tembo wakivunja miti huko porini, maikrofoni iliyo karibu inasikia kwanza, nyingine baadaye kidogo, na kompyuta ikilinganisha inajua sauti imetoka upande gani. Kisha ujumbe unaenda kwa askari wa wanyamapori, wanakuja na gari kuwafukuza. Deus alipima mahali pa kila nguzo kwa makini sana, na moja akaisimika kwetu, malishoni. Aliniachia niitunze.

Nami nikaitunza kwa akili yangu, dada. Ng'ombe walikuwa wanajikuna pale kutwa hadi ikaanza kuinama. Nikaogopa itavunjika, nimwangushe mtoto wako. Nikamwambia Nyangwine tuing'oe, tukaisimike nyuma ya nyumba ambako ng'ombe hawafiki. Nikajiona mjanja. Sikujua kwamba kompyuta inaihesabu kila nguzo pale pale ilipopimwa, na kwamba ukihamisha moja, zote zinadanganya. Wala sikuuliza.

Wiki iliyofuata tembo wakaja. Ujumbe ukawapeleka askari upande wa Ringwani, mbali na waliko tembo. Walipogeuza gari, tembo walikuwa wamemaliza ulezi wote wa Efrazia, jirani yangu, yule mjane uliyemshonea gauni. Ghala nalo wamelibomoa. Hana cha kuwalisha wajukuu wake mwaka huu.

Deus alifika asubuhi, akaiona nguzo nyuma ya nyumba. Hakunigombeza. Aliirudisha mwenyewe kwenye shimo lake kabla wakubwa wake hawajafika, akashindilia udongo. Nilipoanza kulia akasema, "Nyamaza, mama mdogo. Mimi nitapata kazi nyingine. Wewe utaendelea kuishi na Efrazia hapa hapa."

Basi wakubwa wakaja, wakakuta nguzo zote mahali pake, wakasema kijana alikosea vipimo. Nilikuwa nimesimama nao pale, nimeshika birika la chai niliyowapikia. Nikanyamaza kweli.

Nimempelekea Efrazia debe la mahindi. Jumapili kanisani akasimama kunishukuru mbele ya watu, akasema Mungu anibariki kwa roho yangu nzuri. Deus naye yuko hapa kwetu, anapasua kuni, ananitania kwamba sasa nimepata mchunga ng'ombe msomi. Nacheka naye, nikitoka nje najichukia.

Kesho nakwenda kwa Efrazia kwanza, halafu Mugumu, ofisini kwa wakubwa wa Deus, nikaseme ukweli. Nakuandikia leo kwa sababu najijua, ni mwoga tangu utoto, na wewe ndiye uliyekuwa unanisukuma. Barua hii nampa Lilian, anasafiri kuja huko Mbeya mchana huu. Ikishatoka mkononi mwangu sitaweza tena kubaki kitandani nikijifanya naumwa.

Unisamehe dada, lakini kasirika kwanza, ni haki yako.

Msalimie shemeji Heche na watoto wote. Nyangwine anakusalimu, naye hana usingizi. Mungu akutunze, aponye mguu wako, na asikupe ndugu mwingine mwenye ujanja kama wangu.

Deus anakusalimu sana. Ameniona naandika, akaniomba nikuambie kwamba kazi inakwenda vizuri.

Mdogo wako anayekupenda kwa aibu,
Mokami